Maswali ya Wasomaji: Jicho la Daktari wa Ngozi

SWALI: Shikamoo Daktari. Nasomea ubingwa wa magonjwa ya ngozi na sasa niko Mwanza kwa mafunzo ya vitendo. Nimenunua dematoskopu, ile lenzi ndogo yenye taa, lakini nikiiweka juu ya ngozi ya mgonjwa naona rangi na vidoa tu. Picha nyingi za vitabuni ni za ngozi nyeupe. Nifanye nini?
Msomaji, Nyegezi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Lenzi hiyo kwa kawaida hukuza mara 10 tu, na ile yenye mwanga uliochujwa huondoa mng'ao wa juu ili uone rangi iliyo chini. Ugonjwa haikutajii. Jicho lako ndilo litakaloutambua, na jicho hilo hujengwa kwa kutazama kwanza ngozi zisizo na ugonjwa za watu wa hapa hapa.

Anza na nyayo. Mtu mweusi akipata melanoma, saratani ya ngozi inayoanzia kwenye chembe za rangi, mara nyingi huwa unyayoni, kiganjani au chini ya ukucha. Bob Marley, aliyefariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36, yake ilianzia kidole gumba cha mguu. Wagonjwa wetu wengi hudhani wamechomwa mwiba, wakaja wamechelewa, na hilo linaniuma sana. Kwa hiyo kila anayeingia kliniki, hata kama amekuja kwa mba, mwombe avue viatu. Mchuuzi wa dagaa wa Mwaloni Kirumba, mvuvi wa Igombe, mkulima wa Ukerewe: utaona sugu, mipasuko, makovu, funza, na ngozi isiyo na tatizo lolote. Hiyo ya mwisho itazame kuliko zote.

Unyayo una matuta na mifereji kama shamba la viazi vitamu, na vitundu vya jasho vimejipanga juu ya matuta. Rangi ikikaa kwenye mifereji, mara nyingi doa halina madhara. Ikikaa juu ya matuta, simama hapo. Ukishindwa kutofautisha, paka wino kisha ufute. Unaobaki umo mferejini. Ila usikimbilie kisu. Watu wetu wengi wana madoa ya asili nyayoni, mengi, miguu yote miwili, ya miaka na miaka, na baadhi huwa na rangi juu ya matuta vilevile. Doa moja la peke yake, linalotanuka, lenye rangi zisizolingana, hilo ndilo la kuchukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha kupimwa maabara.

Na kabla kinyama hakijaenda maabara, andika daftarini unachodhani na kwa nini. Majibu yakirudi, fungua daftari na picha, ukae na mwalimu wako mvisome pamoja. Msumbue, ni haki yako. Asiyefanya hivi anaweza kutazama miaka mingi, akaongeza kujiamini bila kuongeza ujuzi.

Picha zenyewe piga tatu: ya mbali ionyeshe ni sehemu gani ya mwili, ya karibu yenye rula, kisha ya dematoskopu. Usimlaze mgonjwa juu ya shuka jeupe. Kamera hudanganyika na weupe ule, ngozi ikatoka nyeusi tii na wekundu wa uvimbe ukapotea. Tandika kitambaa cha bluu kisichong'aa. Lenzi uifute kwa spiriti kila baada ya mgonjwa.

SWALI: Daktari, mwanangu ana ualbino. Kliniki fulani daktari mwanafunzi alimpiga picha ya mdomo kwa simu yake mwenyewe bila kuniuliza. Naweza kukataa?
Mama, Sengerema

JIBU: Unaweza, mama. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya na za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti. Alipaswa kukuuliza, akueleze picha ni ya nini na itahifadhiwa wapi. Si kwenye simu yake, wala kwenye kundi la WhatsApp. Kwa watoto wenye ualbino huku Kanda ya Ziwa nawakazia wanafunzi zaidi, na sababu sote tunazijua.

Hata hivyo, picha ya mdomo au sikio ikilinganishwa na ya kliniki iliyopita husaidia kuona mapema kidonda kinachoanza kugeuka saratani. Waambie wapige mdomo tu, macho yasionekane, tena kwa kamera ya hospitali. Na ukikataa kabisa, matibabu ya mtoto yanapaswa kuendelea vilevile.