Filamu ya klabu ya mazingira: anzeni na swali la mtoto, simu baadaye

Mwalimu, nimesoma swali lako mara mbili. Una watoto 14 wa klabu ya mazingira, simu moja, na kila mtoto akisimama mbele ya kamera anaanza kuongea kama anamsomea mgeni rasmi risala: "Sisi watoto tunaiomba jamii itunze mazingira." Unauliza kama ununue simu nzuri zaidi. Usinunue kwanza. Mimi nililea klabu ya namna hiyo Kigogo, Dar es Salaam, pembeni ya Mto Msimbazi, kwa miaka minne. Watoto wanasoma risala kwa sababu sisi wakubwa tumewapa mada, tena mada ambayo majibu yake wameshakaririshwa darasani.

Filamu yetu ya kwanza ilikuwa hivyohivyo. Shirika moja lilituletea muswada ulioandikwa tayari, nembo mwanzoni na nembo mwishoni, katikati mtoto mwema anamkanya mtoto mbaya anayetupa taka. Watoto waliigiza vizuri tu. Tulipowaonyesha wazazi, akina baba wawili walitoka nje kabla haijafika nusu, na watoto walioigiza walikuwa wanapiga soga. Hakuna aliyejiona mle ndani. Desturi hii ya kumfundisha mtu kwa picha bila kumuuliza ni ya zamani hapa kwetu: kati ya 1935 na 1937 Waingereza walikuwa na mradi wa sinema za mafunzo pale Vugiri, Usambara, wakiwatengenezea Waafrika picha za safura na za kuweka akiba posta. Mambo yenyewe yalikuwa ya maana, lakini swali lilikuwa la mtawala. Tukimpa mtoto muswada tunarudi kulekule Vugiri.

Baada ya mafuriko ya Aprili 2018 nilibadilisha utaratibu. Niligawa vipande vya karatasi, nikawaambia kila mmoja aandike jambo moja analoliona nyumbani au mtaani, linalomkera, na hajui kwa nini lipo. Bila jina. Nilitegemea taka, na taka zilikuja nyingi. Kisha nikafungua karatasi ya binti mmoja wa darasa la tano (alijitaja mwenyewe baadaye): "Kwa nini mvua ikinyesha baba mwenye nyumba anatoboa choo?"

Darasa lilikaa kimya, halafu likalipuka. Kila mtoto alikuwa na kisa chake. Kwa msiokaa mabondeni: huko tunaita kutapisha choo. Shimo likijaa, mtu anasubiri mvua kubwa, anatoboa ukuta wa shimo kwa pembeni, uchafu unaondoka na maji ya mvua kuelekea mtoni, na njiani unapita kwenye milango ya watu. Kila mkubwa anajua na hakuna anayesema hadharani. Watoto hawa walikumbuka vizuri kipindupindu kilichoanza Dar Agosti 2015. Wengine walizuiwa kucheza nje wiki nzima. Siku ile hakuna aliyesoma risala. Walibishana, na ule ubishi ndio uliozaa filamu.

Sasa utaonyeshaje kitu kama hicho bila kumdhalilisha jirani? Watoto wenyewe walipata njia. Walijenga mtaa ndani ya beseni: udongo wa mfinyanzi kwa ajili ya kilima, viberiti kwa nyumba, kopo la maziwa lililofukiwa kuwa choo, na kopo jingine chini kabisa, limeandikwa kwa chaki KISIMA. Kwenye kopo la choo walijaza chai ya rangi iliyokolea. Mtoto mmoja akamwagia maji kwa kopo lenye matundu, mwingine akatoboa kwa msumari. Kamera ilikuwa imewekwa chini, usawa wa milango ya viberiti. Ile chai ilitoka taratibu, ikagusa nyumba ya kwanza, ya pili ikalegea na kuinama, ikaendelea mpaka ikaingia kwenye KISIMA na maji yakabadilika rangi. Sauti ya mvua ni maharage makavu yanayopepetwa kwenye ungo. Shoti hiyo ilichukua Jumamosi nzima, na nimeiangalia mara nyingi kuliko filamu yoyote ya wakubwa niliyowahi kuiona.

Sehemu ya pili ilikuwa mahojiano na bibi wa yule binti. Ukuta wa chumba chake una mistari ya tope ya mafuriko mbalimbali. Watoto waliipima kwa rula ya shule, ile ya sentimita 30, wakiihamisha na kuweka alama kwa penseli. Mstari wa Desemba 2011 ulimfika binti shingoni. Akamuuliza, "Bibi, kwa nini hatuhami?" Bibi akanyamaza. Mimi nilishafungua mdomo kusema tukate, lakini aliyeshika simu hakuizima. Kimya kilikaa, mwishowe bibi akasema: "Mabwepande tulitajiwa. Babu yako alikuwa anauza samaki Feri. Kutoka kule angefika alfajiri na nini?" (Mabwepande ni pembezoni mwa jiji, walikopelekwa watu wa mabondeni baada ya mafuriko yale; Feri ni soko la samaki la mjini.) Basi. Hakuna mtaalamu ambaye angenieleza suala la kuhama bondeni kwa ufupi ule, na hakuna mkubwa ambaye angeuliza swali lile waziwazi namna ile. Kwa hiyo nakusihi: mtoto akishauliza, wewe nyamaza. Usimsahihishe, usimsaidie bibi kujibu.

Upande wa ufundi nitapita haraka, maana si mgumu. Simu ilale kwa upana, mtoto aishike kwa mikono miwili na viwiko vibane mbavu. Asipande kiti ili awe sawa na wakubwa. Tunataka tuuone mtaa kutoka kwenye kimo chake. Piga asubuhi kati ya saa moja na saa tatu, au jioni kuanzia saa kumi, kwa sababu jua la saa saba linazichoma sura na macho yote yanakuwa vivuli. Weka simu kwenye hali ya ndege, la sivyo mtu atapiga katikati ya shoti. Sauti ndiyo inayoua filamu nyingi za shule: bodaboda, redio ya jirani, upepo. Azima simu ya pili, iwashe irekodi, iwe kwenye mfuko wa shati la anayeongea, kisha mtoto apige kofi moja mbele ya kamera ili uoanishe sauti na picha wakati wa kuhariri. Sisi tulihariri kwa programu ya kwenye simu, na watoto waliielewa kabla yangu. Filamu isizidi dakika 5. Watoto wapate chakula kwanza, hata uji na mihogo. Mtoto mwenye njaa haigizi wala hasubiri.

Ruhusa usiipite. Kila mzazi asaini karatasi inayosema filamu itaonyeshwa wapi, na kama itapandishwa mtandaoni au la. Mtoto naye aulizwe, na akikataa siku ya kupiga, basi. Usionyeshe jina la shule pamoja na jina kamili la mtoto na njia ya kwao. Pia Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 inataka vibali, kwa hiyo pita mapema kwa afisa utamaduni wa halmashauri yako akueleze hatua za kufuata. Ni afadhali kuchelewa wiki mbili kuliko watoto kuona kazi yao imezuiwa mlangoni.

Kuhusu kuonyesha: kabla hujafikiria matamasha, ionyesheni nyumbani. ZIFF, tamasha la kimataifa la filamu, ipo Zanzibar tangu 1998 na ni jambo zuri kuilenga, lakini watazamaji wa kwanza wa filamu hii wanakaa umbali wa hatua 50 kutoka kwenye choo kinachozungumzwa. Sisi tulikwenda banda umiza la mtaani, kile kibanda cha kuonyeshea mechi na filamu. Mwenye banda alitupa nusu saa kabla ya mechi, bure. Watu walikuja kwa ajili ya mpira, wakakuta beseni na chai ya rangi. Chai ilipoingia kisimani nilisikia mama mmoja akisema "Eee, Mungu wangu," na baada ya hapo nilisikia feni tu.

Taa zilipowashwa baba mmoja mwenye nyumba alisimama. Nilijua kuna ugomvi. Akawaambia watoto: "Mmesema kweli, lakini hamjasema yote. Gari la kunyonya haliingii uchochoroni kwetu, na hata likiingia, bei yake ni kodi ya mpangaji wangu. Hilo mbona hamkuliweka?" Watoto walitazamana. Yule binti akamjibu, "Shikamoo baba. Tunaweza kuja kwako kesho?"

Wakaenda. Walipima upana wa uchochoro kwa kamba, wakaenda na kamba hiyohiyo kupima gari la majitaka lililoegeshwa barabarani. Kamba ilipungukiwa. Hiyo ikawa dakika ya mwisho ya filamu: watoto wawili wamevuta kamba mbele ya gari, haifiki upande wa pili. Hawakusema neno lolote. Nakala zote za filamu zisizo na dakika ile tulizifuta.

Kwa hiyo Mwalimu, wiki hii gawa karatasi tu, simu ibaki nyumbani. Ukishapata maswali ya hao 14, yaweke hapa bila majina, tuyasome pamoja tuone lipi linabeba filamu.