Omba namba kwanza, filimbi baadaye

Nilijitolea miezi saba katika shule ya msingi wilayani Karonga, kaskazini mwa Malawi. Kwetu ni Kyela, kwa hiyo sikwenda mbali: unavuka mto Songwe pale Kasumulu na umeshafika nchi nyingine. Wangonde wa kule na sisi Wanyakyusa ni watu wa asili moja, na salamu yangu ya "mugonile" niliitumia tangu siku ya kwanza. Nikadhani kwa kuwa lugha naielewa, na watu nimeshawaelewa. Dada unayejiandaa kwenda kujitolea nje, na unatamani kucheza na wasichana wa huko, naomba nikueleze nilikokosea.

Nilifika na filimbi, koni nane na ratiba. Mazoezi ya netiboli niliyapanga saa kumi na moja jioni, kama tulivyozoea nyumbani. Siku ya kwanza walikuja wasichana wanne. Siku ya pili, wawili. Nikaanza kuamini kwamba hawana mwamko, na wazo hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu wakati nalifikiria wao walikuwa bombani wamepanga ndoo foleni.

Mwalimu mmoja, mama wa makamo, ndiye aliyeniketisha. Malawi iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, akanikumbusha. Mwezi wa sita, ikifika saa kumi na moja na nusu jua linazama. Saa niliyoipanga ndiyo saa ya maji, ya kuni na ya kusonga sima. Wavulana walikuwa uwanjani wakicheza mpira wa miguu kwa sababu hakuna mtu nyumbani aliyekuwa akiwasubiri na ndoo. Kwa hiyo kabla hujapanga chochote, muulize msichana siku yake inakwendaje tangu anapoamka. Sisi tulihamishia mazoezi mara tu baada ya masomo, dakika arobaini, upande wa uwanja wenye kivuli cha miembe, maana joto la kando ya ziwa halina huruma. Kisha nilijifunga kitenge nikapita nyumba kwa nyumba kuwaambia wazazi binti atarudi saa ngapi. Wiki hiyo walikuja kumi na tisa.

Hapo nikagundua jingine: hawakuhitaji kufundishwa netiboli. Malawi ni nchi ya netiboli. Timu yao ya taifa, Malawi Queens, iliifunga New Zealand 57 kwa 53 kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 2018 kule Gold Coast, na mfungaji wao Mwai Kumwenda alikwenda kucheza Melbourne. Wilaya jirani ya Rumphi ndiyo iliyowatoa Tabitha na Temwa Chawinga. Temwa alichaguliwa mchezaji bora wa ligi ya wanawake ya Marekani mwaka 2024. Majina hayo wasichana wangu walikuwa nayo kichwani. Mimi nilikuwa nimebeba koni ili niwaonyeshe namna ya kupasi.

Nikaiweka filimbi kwenye mkoba nikamwendea nahodha, msichana wa darasa la nane: "Nipangie namba." Akanipa GK, namba ya mlinda goli. Mpira wao ulikuwa wa kasi kuliko niliouzoea. Unaudaka, na kabla sekunde tatu hazijaisha umeshaondoka mkononi. Mimi kila nikidaka nasogeza miguu yote, na wanaita "futi!" Binti wa miaka kumi na miwili akanishika bega, akanionyesha mguu gani ubaki chini na upi ugeuke. Nilimsikiliza kama mwanafunzi. Tangu siku ile "madamu" ikaisha, nikawa dada, na maneno ambayo hawakuwahi kuniambia darasani wakawa wananiambia tukiwa tunakunywa maji.

Nilicheza na raba wiki mbili za mwanzo, wenzangu wakiwa peku. Chini ya goli kunasongamana, nikamkanyaga mmoja, ukucha ukang'oka. Kuanzia hapo kila siku tulifagia uwanja kuondoa miiba na vipande vya chupa, na mimi nikacheza peku. Na kwa siku za mwezi, kila anayetaka alikuwa huru kukaa pembeni ahesabu magoli bila kuulizwa sababu.

Sasa jambo zito. GA wetu, yaani mshambuliaji anayefunga magoli, mchezaji bora kuliko wote, aliacha kuja ghafla. Minong'ono ikasema anaozwa. Sheria ya Malawi ya mwaka 2015 iliweka umri wa ndoa kuwa miaka 18, na mwaka 2017 katiba nayo ikarekebishwa, kwa hiyo haki ilikuwa upande wake wazi kabisa. Damu ilinichemka, nilitaka kwenda kwao jioni ileile. Yule mwalimu akanizuia. Shule nyingi za Malawi zina kikundi cha akina mama kinachofuatilia wasichana walioacha masomo, na ndio waliokwenda, pamoja na mkuu wa kijiji. Wao wanabaki pale. Mimi nina tarehe ya kuondoka, na maneno yangu ya hasira angeyalipia yeye. Alirudi darasani baada ya wiki tatu. Uwanjani alichelewa zaidi, na aliporudi tulimpa kitambaa chake cha GA tukaanza kucheza. Sikumpiga picha, wala sikuisimulia habari yake mtandaoni wakati nikiwa kule.

Ukiwa na zawadi, itoe mapema na uikabidhi timu, si msichana mmoja mmoja. Mipira miwili, pampu na sindano zake niliikabidhi kwa nahodha na mwalimu mlezi katika mwezi wangu wa pili pale. Sindano usizisahau.

Miezi miwili kabla ya kuondoka nilianza kupokezana namba yangu na msichana wa darasa la sita. Mechi ya mwisho alicheza yeye GK tangu mwanzo, nami nilikaa kwenye benchi na ndoo ya maji. Mwezi uliopita mwalimu ameniandikia: mpira mmoja umechanika, wa pili bado unashika upepo, na mazoezi ni baada ya masomo, palepale miembeni.