Boksi linasema asilimia 95

SWALI: Shikamoo Mama Achieng'. Kijana wangu ana miaka minane na bado anakojoa kitandani karibu kila usiku. Daktari hapa Nakuru amempima mkojo, akasema hana ugonjwa, akanishauri nijaribu kengele ya usiku. Nimeona mbili mtandaoni. Moja wameiandika "isiyo na waya, mafanikio asilimia 95, kwa watoto wote." Nyingine ni nafuu, lakini maelezo yake yananichosha: mara wiki kumi na mbili, mara mzazi ndiye aamke. Ninunue ipi? – Mama Kevo, Lanet.

JIBU: Marahaba, Mama Kevo. Hiyo inayokuchosha ndiyo ningeisoma mpaka mwisho.

Kengele hizi si jambo geni. Mtu na mkewe, wanasaikolojia wa Marekani waitwao Mowrer, waliandika juu yake mwaka 1938, na hadi leo kazi ni ile ile: tone la mkojo likigusa kihisi, kile kidude cha kutambua unyevu, kengele inalia, mtoto anaamka akamalizie chooni. Anaamka kwa maneno tu! Wiki za kwanza utaamka wewe, umtikise, umshike mkono mpaka mlangoni, kwa sababu watoto hawa hulala kama pono. Mtengenezaji anayekuficha hilo anakuuzia kelele.

Sasa hiyo asilimia 95. Ni ya watoto wangapi, waliotumia muda gani, na kufanikiwa maana yake nini? Kipimo kinachotumika sana ni kulala mkavu siku 14 mfululizo. Takriban theluthi mbili ya watoto hufika hapo wakiwa na kengele, na baadhi yao hurudia wakiiacha, wakaanza upya. Mwenye kuandika "wiki kumi na mbili" angalau amekuheshimu.

Mimi niliingia mtegoni kwa neno moja. Boksi la kengele ya kitinda mimba wangu lilijisifu kuwa kihisi chake ni "chepesi mno kuhisi". Nikaona nimepata. Ilikuwa Januari, na joto la Kisumu unalijua. Usiku wa pili, saa saba, ikalia. Nikakimbia na tochi: chupi kavu, mgongo umelowa jasho hadi kiunoni. Ililia mara tatu usiku huo, jirani wa ploti akagonga ukuta. Asubuhi nikafungua kijitabu. Ukurasa wa mwisho, kwa herufi za kukodolea macho, waliandika kwamba jasho huweza kuliza kengele, hivyo kihisi kibanwe nje ya chupi. Kwa nini hawakuliandika hilo juu ya boksi, karibu na zile sifa?

"Isiyo na waya" nayo uliza vizuri: waya upi hakuna? Mara nyingi ni ule wa kutoka kwa mtoto hadi kwenye mashine inayolia, na huenda kihisi bado kina waya wake mfupi. Uliza pia kama kihisi kinauzwa peke yake na kama waranti inakihusu, maana mkojo ndio unaokila. Betri zikiwa zile ndogo za mviringo kama kifungo, ziweke mbali na mdogo wake. Akiimeza moja ni hospitali mara moja.

"Watoto wote" ni uongo wa biashara. Mtoto wa miaka mitatu kulowesha kitanda ni kawaida, hahitaji kengele. Kevo kwa miaka minane anafaa, ila kama choo chake ni kigumu, hilo litibiwe kwanza.

Kabla hujatuma pesa, mwambie muuzaji akupigie picha kijitabu chote, akutumie kwa WhatsApp. Akisema hakuna, tafuta mwingine. Na Kevo asome nawe, hasa sehemu ya kubana kihisi, kwa sababu atakuwa akikibana mwenyewe kila jioni.