Mbwa wa ulinzi kaumia mgongo: apumzishwe au atembezwe?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Ninaongoza mbwa wa ulinzi hapa Mombasa, Malinois dume wa miezi 20, kilo 28, chanjo zote anazo. Siku sita zilizopita aliruka kutoka nyuma ya pikapu akimfukuza mtu, akatua vibaya na kupiga ukelele. Tangu hapo amekunja mgongo, hataki kupanda kitu, na mguu wa nyuma wa kushoto anauburuta vidole, hadi kucha mbili zimelika. Anakula na anakojoa mwenyewe. Eksirei haikuonyesha mfupa uliovunjika. Amepewa meloksikamu, dawa ya maumivu, nikaambiwa apumzike, ila sikuambiwa apumzike vipi wala hadi lini. Wenzangu wanasema nimpige masaji na kumwogelesha baharini. Nifanyeje, na atarudi kazini?

JIBU: Pole na mgonjwa. Bahari iache kwanza, na masaji vilevile. Kabla ya kupanga lolote, pima mambo mawili: neva zake zinafanya kazi kiasi gani, na maumivu bado yapo au yamekwisha. Hilo la pili ndilo litakaloamua kama atafungiwa au atatembezwa.

Tuanze na neva. Msimamishe kwenye sakafu isiyoteleza, mkono mmoja ukiwa chini ya tumbo kumpunguzia uzito. Kwa mkono wa pili ukunje wayo wa nyuma ili upande wa juu wa vidole uguse sakafu, kisha achia. Mbwa mzima huurudisha papo hapo. Mara nyingi hata hakupi nafasi ya kuuweka. Akikawia sekunde moja au mbili, habari kutoka mguuni haifiki vizuri kwenye ubongo. Akiuacha umekunjwa vivyo hivyo, uti (uti wa neva unaopita ndani ya mgongo) umeumia zaidi. Fanya miguu yote miwili, mara tatu kila mmoja, uandike na tarehe. Daftari hilo litakusaidia kuliko kumbukumbu, kwa sababu nafuu ya mgongo huja kidogo kidogo na mtu anayemwona mbwa kila siku haioni.

Uti ukizidi kubanwa, kwanza hupotea ile hisia ya kujua mguu uko wapi (ndiyo maana anakwaruza kucha), halafu nguvu za kutembea, kisha uwezo wa kukojoa, na mwisho kabisa kuhisi maumivu makali vidoleni. Wako yuko hatua ya kwanza, na hiyo ni habari njema. Lakini akishindwa kusimama, au mkojo ukiacha kutoka, au ukianza kuvuja matone wakati amelala, mpeleke saa hiyohiyo hata kama ni usiku. Mkojo unaovuja si mkojo unaotoka: mara nyingi ni kibofu kilichojaa hadi kumwagika, na kisipokamuliwa kila saa 6 hadi 8 hutanuka na kupata maambukizi. Kwa dume usijaribu kukikamua kwa kubahatisha. Mlango wa kibofu unaweza kuwa umekaza, na ukilazimisha kitapasuka. Muone daktari akuonyeshe kwa mikono yako, au aweke mpira wa mkojo.

Kwa mbwa aliyepooza kabisa daktari hubana kidole cha mguu kwa koleo. Tunachotafuta ni mbwa kugeuza kichwa, kulia, au kutaka kung'ata. Kuvuta mguu peke yake si ushahidi, maana uti unaweza kufanya hivyo bila ubongo kujua. Kama diski, gegedu la kati ya pingili za mgongo, ndiyo inayobana uti na hisia hiyo imekwisha, hata akipasuliwa mapema nafasi ya kutembea tena ni takriban nusu kwa nusu. Ndiyo sababu ninasisitiza usisubiri kesho.

Sasa maumivu. Mfunge mdomo kwanza, hata kama ni rafiki yako wa miaka. Mbwa mwenye mgongo unaouma hung'ata bila kukusudia. Kwa vidole viwili bonyeza taratibu pande zote mbili za pingili, kuanzia katikati ya mabega hadi mkiani, na uweke mkono wa pili kwenye tumbo. Pale penye maumivu utahisi tumbo likikaza ghafla kabla hata hajalia. Fanya hivyo asubuhi kabla ya dozi, la sivyo utakuwa unapima nguvu ya kidonge.

Eksirei safi isikutulize sana. Hiyo huonyesha mfupa. Diski haionekani, uti wa neva hauonekani, na ufa mwembamba huweza kujificha kama mbwa hakulazwa kwa dawa ya usingizi akanyooka vizuri. Diski ina ukingo mgumu nje na ute mzito katikati. Kwa mbwa kijana aliyeumia akiwa kasi, mara nyingi tunabaki na mambo mawili.

La kwanza: ute huchomoka kwa kishindo, unaupiga uti, kisha unatawanyika bila kubaki umeubana. Mbwa hulia mara moja, mguu hulegea, mara nyingi upande mmoja kuliko wa pili, na hali hufika kilele ndani ya saa 24. Baada ya siku moja au mbili maumivu hutoweka, udhaifu unabaki. Huyu hahitaji upasuaji, na kumfungia wiki sita ni kumharibu misuli bure. Anahitaji mazoezi mapema. La pili: diski hutoka na kubaki imeubana uti. Hapo maumivu hayaondoki, na kila mruko unaweza kusukuma ute zaidi. Huyu ndiye wa kufungiwa, ili ukingo uliochanika upate muda wa kushikana.

Wako ana mguu mmoja unaoburuta, dalili inayofanana na la kwanza, lakini siku ya sita bado amekunja mgongo, na hilo ni la pili. Msuli uliovutika peke yake hauburuti kucha, kwa hiyo nao siuamini. Kipimo cha MRI, picha ya sumaku inayoonyesha diski na uti, ndicho kingemaliza ubishi, ila kwa wanyama ni adimu kwetu. Mwombe daktari wako barua ya rufaa kwenda hospitali ya wanyama ya chuo kikuu, ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete kwa mfano, kama maumivu hayajapungua wazi ndani ya siku kumi. Hadi hapo mchukulie kama mwenye diski inayobana. Ukikosea upande huo utapoteza wiki chache. Ukikosea upande wa pili unaweza kupoteza miguu.

Mwombe pia aitazame upya ileile eksirei, sehemu ya kifua. Kuna mnyoo, Spirocerca lupi, ambao mbwa huupata kwa kula mbawakawa wanaoviringisha kinyesi, na pwani na bara yetu tunao. Hukaa kwenye umio na kusababisha mfupa kuota chini ya pingili za kifua. Homa ya kupe nayo hulegeza miguu ya nyuma, kwa hiyo damu ipimwe. Na kwa msomaji mwingine ambaye mbwa wake hana chanjo: udhaifu wa miguu ya nyuma unaweza kuwa mwanzo wa kichaa cha mbwa. Usimtie mkono mdomoni.

Dawa. Meloksikamu ni miligramu 0.2 kwa kila kilo siku ya kwanza, kisha 0.1 kwa kilo mara moja kwa siku, baada ya chakula. Kwa kilo 28 ni miligramu 5.6, halafu 2.8. Kidonge cha binadamu cha miligramu 7.5 ni zaidi ya mara mbili na nusu ya dozi yake ya kila siku, kwa hiyo usikisie kwa kukivunja. Dawa ya maji ya mbwa yenye bomba la kupimia ni salama zaidi. Akitapika, akiharisha au choo kikiwa cheusi kama lami, acha na upige simu. Usimwongezee ibuprofeni, diklofenaki wala Panadol. Na mtu yeyote akitaka kumchoma sindano ya deksamethasoni ilhali yumo kwenye meloksikamu, kataa: mchanganyiko huo hutoboa tumbo, na nimewaona wengi wakifa kwa hilo na si kwa mgongo. Kama maumivu hayatulii, muulize daktari kuhusu gabapentini, takriban miligramu 10 kwa kilo kila saa 8. Kwake ni kapsuli ya miligramu 300. Iwe kapsuli, si sharubati ya watu, kwa kuwa baadhi ya sharubati zina zailitoli, utamu ambao ni sumu kwa mbwa.

Sasa kizimba, jambo ambalo wengi huambiwa nusu nusu. Kupumzika si kufungwa mnyororo uani, wala kuachwa chumbani. Ni kizimba cha kama mita 1.2 kwa 0.8, cha kusimama, kugeuka na kulala, paa likiwa chini kiasi cha kumzuia kusimamia miguu ya nyuma. Kwa joto la Mombasa kiwe kivulini penye upepo, maji yawepo muda wote. Ndani weka godoro la sponji la sentimita 8 au 10 lililofunikwa turubai, juu yake blanketi linalofulika. Kisikae mahali anapowaona mbwa wenzake wakitoka kazini. Atasimama na kubweka kutwa, na mapumziko yatakuwa jina tu.

Atoke mara nne au tano kwa siku, dakika tano, kwa haja tu. Kamba ifungwe kwenye mkanda wa kifuani, si shingoni. Pitisha khanga iliyokunjwa chini ya tumbo, mbele ya mapaja, umsaidie kubeba nyuma; kwa dume hakikisha haikandamizi uume. Wayo unaoburuta uvalishe soksi au bandeji ukitoka, na uivue kizimbani. Kagua kucha kila jioni, kwani zege hula kucha hadi damu bila yeye kuhisi. Chakula kipunguze robo hadi theluthi, umpime uzito kila wiki. Kilo mbili za ziada zote zinabebwa na mgongo uleule.

Muda: wiki nne tangu siku uliyoanza kweli, na sita kama maumivu yalichelewa kuisha. Hatari kubwa ni wiki ya pili. Dawa imefanya kazi, mbwa ni kijana aliyezoea kazi, macho yamechangamka, naye mwenyewe anakushawishi kwamba amepona. Ukingo wa diski haujashikana. Mwongozaji anamfungulia "kidogo tu", mbwa anamwona paka, na tunaanza upya, safari hii bila miguu. Akihangaika sana kizimbani, mpe chakula chake kwenye mfupa mtupu au chombo cha kulamba, afanye kazi ya kunusa amelala. Akizidi, gabapentini ileile nayo humtuliza.

Mazoezi yaanze wiki za kizimba zikiisha, maumivu yakiwa yamekwisha bila dawa kwa siku tatu mfululizo. Siku za mwanzo ni kusimama tu: miguu minne imenyooka chini yake, sekunde 20, mara tano, asubuhi na jioni. Akiweza bila kuyumba, msukume nyonga polepole kushoto na kulia ili ahamishe uzito. Kisha mwinue mguu mmoja wa nyuma kwa sekunde tano, halafu mwingine. Kuketi na kusimama mara tano, ukipanda hadi kumi, na uhakikishe anaketi sawasawa. Akitupa mguu wa kushoto pembeni anaukwepa, kwa hiyo mketishe ubavu huo ukiwa ukutani.

Kutembea ni kwa kamba fupi, polepole kiasi cha kuhesabu kila wayo unapogusa chini. Mwendo wa mchakamchaka huficha kasoro, na ndio maana mbwa anayekimbia vizuri huburuta anapotembea. Anza dakika tano mara tatu kwa siku, ongeza dakika tano kwa kila tembezi kila wiki. Kama siku inayofuata ameamka amekaza au anaburuta zaidi, rudi kiwango cha wiki iliyopita. Wiki ya pili ya mazoezi laza mabomba matano ya plastiki chini, sentimita 60 kati ya moja na jingine, ayavuke taratibu. Asipoyagusa kwa siku kadhaa, yainue sentimita 10. Zoezi hili ndilo linaloufundisha ubongo mguu uko wapi. Kama una muda wa moja tu, fanya hili.

Ufukweni mpeleke hapo, si kabla, na maji yakiwa yamekupwa. Mchanga mbichi ulio mgumu ni mzuri. Mchanga mkavu humzamisha na kumvuta kiuno, na mawimbi humgeuza mwili ghafla, kitu kilekile tunachokikimbia. Kutembea kwenye maji tulivu yanayofika kwenye goti, dakika tano, kunatosha. Masaji ya mapaja kwa kiganja, bila kugusa mstari wa pingili, sasa ruksa.

Kazini atarudi kwa vipimo, si kwa kalenda, ingawa kabla ya wiki 12 mimi siruhusu kuruka. Wiki mbili bila dawa yoyote. Wayo unarudi papo hapo pande zote mbili. Paja la kushoto, ukilipima kwa utepe wa fundi cherehani, limekaribia la kulia kwa sentimita moja. Anatembea dakika 40 na kilima ndani yake bila kukwaruza. Hapo aanze kunusa na doria ya kutembea, baadaye kukimbia moja kwa moja, kisha kukata kona. Kung'ata mkono wa bandia wa mazoezi kuwe mwisho kabisa, kwa chini, na anayeng'atwa asimzungushe hewani. Kama mguu bado unachelewa baada ya miezi sita, usitegemee mengi zaidi. Mhamishie kunusa, kazi anayoweza kuifanya miaka mingi.

Na pikapu ipate ngazi ya mteremko. Kwa kitanda cha gari chenye urefu wa sentimita 80 kutoka chini, ubao wa mita 2.4 uliofunikwa zulia lisiloteleza, upana sentimita 50, hutoa mteremko anaoumudu. Mfundishe kuupanda akiwa bado kwenye hatua ya kutembea, ili siku ya kazi asiurukie. Akilia tena au akikunja mgongo, hata mwaka ukiwa umepita, mrudishe kizimbani siku hiyo na upime wayo kabla hujampa kidonge.