Kwa binti yangu: wale watu weusi wa Ulcinj

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata, na mama yako kausoma kabla yangu kama kawaida yake. Unasema mnataka kuvuka na meli kutoka hapo Bari, Italia, mwende Montenegro, ukakumbuka kisa changu cha Ulcinj, ule mji wa pwani ya huko, ndipo ukauliza: wale watu weusi niliowaona walitoka pwani yetu, na wamebaki wangapi?

Kwetu hawakutoka, ingawa hata mimi siku ile nilidhani hivyo. Ilikuwa 1987, enzi za Yugoslavia. Meli yetu ilitia nanga bandari ya Bar, huko huko Montenegro, nikapanda basi na wenzangu wawili kwenda kutembea. Sokoni Ulcinj nikamkuta mzee anauza pilipili hoho, mweusi kama marehemu babu yako, kichwani kofia nyeupe ya sufi. Moyo ukaniruka. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akanitazama, akanijibu Kialbania, kisha akanipimia kilo nzima ya pilipili ambayo sikuiomba. Nikalipa. Wenzangu walinicheka mpaka Port Said.

Njia ya wazee wake ilipita Sahara. Waliteremshwa na misafara hadi Tripoli, na manahodha wa Ulcinj, waliokuwa wakifanya biashara huko, wakawanunua na kuwapeleka kwao. Wengine walitumikishwa majumbani, wengine wakawa mabaharia. Lugha ikawa Kialbania, dini Uislamu, wakaoa na kuolewa. Aliyejulikana zaidi miongoni mwao siku za karibuni ni mpiga picha Rizo Šurla, aliyefariki 2003.

Mkifika, pandeni mji wa kale, ule wa ngomeni. Mimi niliukuta bado una majeraha ya tetemeko la Aprili 15, 1979, kuta zimeegemezwa nguzo za mbao. Waturuki waliuchukua kutoka kwa Venice mwaka 1571, ukawa maskani ya maharamia. Kuna kiwanja wanakiita Kiwanja cha Watumwa. Usije ukadhani ni Mkunazini nyingine, lile soko la watumwa la Unguja: waliofungwa pale wengi walikuwa mateka wa baharini, Wazungu kwa Wazungu, wakingoja ndugu zao walete fidia. Wenyeji watakwambia Cervantes, yule mwandishi Mhispania wa Don Quixote, naye alifungwa hapo. Wasikilize tu, usiwabishie, ila yeye kifungo chake kilikuwa Algiers.

Mwaka 1880 mataifa makubwa yalileta manowari kumshinikiza Sultani wa Waturuki, mji ukakabidhiwa Montenegro. Familia nyingi za Kiislamu zikafunga mizigo, zikahamia Shkodër, Albania, na kwingine.

Sasa hilo la wangapi. Sensa ya 2011 ilihesabu watu 10,707 mjini na 19,921 kwa wilaya nzima, na katika kila kumi, saba hivi ni Waalbania. Lakini karani wa sensa kule anauliza taifa lako, lugha ya mama na dini. Rangi haiulizi. Mjukuu wa yule mzee wa pilipili atajiandikisha Mualbania, wala hatakuwa amedanganya, ndivyo alivyo. Kwa hiyo usiitafute namba hiyo kwenye karatasi, na tafadhali usiende kumsimamisha mtu barabarani ukamuuliza asili yake. Baba yako alishatia aibu kwa niaba ya ukoo mzima.

Mama yako anasema umletee chumvi ya kule, maana nilimsifia sana. Mwambie kiwanda kilisimama 2013. Mabwawa yake sasa ni hifadhi, wamejaa heroe kama wale wa Ziwa Natron. Mimi niletee picha ya kile kiwanja, hasa yale matao ya pembeni. Filamu iliniishia nikiwa bado nipo sokoni.

Baba