Re: Wanafunzi hawafungui video ninazotuma, nifanyeje?

Habari mwalimu. Nimekusoma, unatuma video za masomo kwenye grupu, wengi hawafungui na hujui kama ni uvivu au ni bando. Kabla hujabadilisha chochote ulizia kwanza simu ni ya nani na inakuwepo nyumbani saa ngapi. Kwa wanafunzi wangu ilikuwa simu ya mzazi, inarudi usiku, chaji imeisha, mtoto yuko hoi, sasa hapo hata video iwe nzuri vipi nani ataifungua?

Halafu achana na video, rekodi sauti. Video ya megabiti 1 kwa sekunde inakula kama MB 7.5 kila dakika, sauti ya kilobiti 16 inakula MB 0.12 tu, yaani somo zima la dakika 10 halifiki hata MB 1.5 na maneno yanasikika vizuri. Michoro piga picha, punguza saizi. Wenye simu za batani watumie SMS, swali lisizidi herufi 160 ili liwe meseji moja, wao wajibu A, B au C.

Mkipata kompyuta hata moja wekeni Kolibri, ni programu ya masomo, masomo yanapakuliwa mara moja halafu wanafunzi wanajiunga kwa waifai ya hapohapo bila intaneti. Ila wasio na simu kabisa tafadhali usiwasahau, hao ndio wanaopotea kimyakimya, wape kazi kwenye karatasi na siku maalum ya kurudisha. Watoto wa darasa la kwanza sijawahi kuwafundisha hivi, waliowafundisha waje waongezee.