Stendi ya kuinulia pikipiki nyumbani: pima kwanza, ndipo utoe hela

Wiki iliyopita nilibadilisha golori za hedi, ile shingo ya fremu ambamo usukani unazunguka, za DT yangu (pikipiki ya Yamaha) hapahapa uani kwangu, Kihonda, Morogoro. Tairi la mbele, shokapu, taa na usukani vyote vilishuka vikapangwa juu ya turubai, na pikipiki ikabaki juu ya stendi yake mchana kutwa bila kutikisika. Golori za zamani zilikuwa zimechimba vishimo kwenye vikombe vyake. Ndiyo maana usukani ulikuwa unashika katikati, na hedi inagonga kila nikifunga breki kwenye miteremko ya Mgeta ninakopeleka mbegu. Jioni nilipokaza nati ya mwisho nikausukuma usukani kwa kidole, ukaenda kulia na kushoto bila kukwama popote. Nilifurahi sana, na najivunia kazi ile.

Nikatuma picha kwenye kundi letu la WhatsApp. Kesho yake mwalimu mmoja wa sekondari kutoka Songea akaniandikia pembeni: "Shikamoo kaka. Nina Boxer, nataka nianze kuihudumia mwenyewe nyumbani. Ninunue jeki ya mkasi au ile stendi ya kuinulia gurudumu la nyuma? Bei zake zinanitisha. Halafu uani kwangu ni udongo mtupu."

Marahaba, mwalimu. Kwa sasa usinunue yoyote kati ya hizo mbili. Stendi unayo tayari, imefungwa chini ya pikipiki yako, na nitakueleza namna ya kuifanya ikutoshe. Ila kwanza nikusimulie kwa nini jambo hili nalichukulia kwa uzito, maana najua wapo wengi wenye hamu kama yako na yangu: kuijua pikipiki yako, kuishika kwa mikono yako, kuacha kukaa kwenye benchi la gereji nusu siku kwa sababu ya cheni.

DT 125 yangu niliipata kwenye mnada wa serikali. Wengi wenu mnazifahamu, ndizo walizokuwa wanatumia maafisa ugani kupanda milimani. Ina stendi ya pembeni tu; stendi kubwa, ile ya katikati yenye miguu miwili, haina. Kwa hiyo ukitaka kutoa gurudumu lolote lazima utafute kitu cha kuweka chini ya injini, na gereji nyingi kitu hicho ni kreti la soda. Niliipeleka gereji moja kubadilisha tairi la nyuma, nikamwachia fundi nikavuka barabara kununua tyubu. Nati ya ekseli ilikuwa imeshika kutu. Fundi badala ya kuilegeza pikipiki ikiwa chini, aliipandisha kwenye kreti kwanza, kisha akausimamia mkono wa spana kwa uzito wake wote. Niliporudi na tyubu mkononi niliikuta imelala ubavu wa kushoto. Mkono wa klachi umekatika, tangi limebonyea, petroli inachuruzika kwenye vumbi, na vijana wa gereji wanatazamana. Mwenye gereji akaniambia pikipiki za mnada ndivyo zilivyo. Hakulipa hata mkono wa klachi. Tairi alinitoza bei kamili.

Lile bonyeo bado lipo. Liko pale goti la kushoto linapokaa, na kila nikipanda nalihisi. Watu wameniambia niipeleke kwa fundi bodi inyooshwe na kupigwa rangi, sijataka. Kilichoniuma kuliko hasara ni kwamba hakuna aliyeona kosa. Kwao kreti ni stendi, na pikipiki ikianguka imeanguka yenyewe. Siku ile niliamua kwamba hakuna mtu atakayeiweka pikipiki yangu juu ya kitu ambacho sijakipima mimi.

Neno lenyewe ndilo hilo: kupima. Mtu anaona picha ya stendi nyekundu inayong'aa, ananunua, ikifika ni fupi, au ni ndefu, au inashika mahali ambapo pikipiki yake haina pa kushikwa. Lala chini uangalie tumbo la pikipiki yako kwa tochi. DT ina mabomba mawili ya fremu yanayopita chini ya injini, kwa hiyo unaweza kuikalisha juu ya bapa pana na uzito ukabebwa na fremu. Zipo pikipiki ambazo fremu inaishia mbele ya injini na injini yenyewe inaning'inia. Hapo ukiinua kwa chini unabonyeza kasha la injini, na kasha ni alumini, linapasuka. Usiweke kitu chochote kwenye bolti ya kumwagia oili, wala kwenye ekzosi, wala kwenye gadi ya mbele. Gadi imefungwa kwa bolti ndogo kukinga miguu yako.

Ukishajua pa kushika, pima kimo. Hapa ndipo wengi wanapotea, kwa sababu wanapima pikipiki ikiwa imesimama. Pikipiki ikisimama, shokapu zimezama kwa uzito wake, ukiinyanyua zinarefuka na tairi linabaki chini palepale. Mimi nilimwita mdogo wangu akashika keria, akainua taratibu mpaka tairi likaanza kuwa jepesi, nikapima. Kisha mbele hivyohivyo. DT yangu ikisimama, kutoka ardhini hadi kwenye fremu ni sentimita 26. Ikining'inia ni 31. Ukiongeza mbili ili tairi lizunguke bila kugusa, stendi inatakiwa iwe 33. Kama ningepima ikiwa imesimama tu, ningetengeneza ya 28 na matairi yasingeondoka ardhini. Sentimita tano hizo ndizo zinazowafanya watu waongeze vipande vya matofali juu ya stendi, na tofali halikutengenezwa kubeba pikipiki.

Na vipimo hivyo nilikwenda kwa fundi wa kuchomelea, nikamchorea kwenye kipande cha boksi. Tulitumia bomba la mraba la inchi moja na nusu, unene wa milimita 2. Alitaka kunipa la milimita moja na kitu kwa sababu ni rahisi, nikakataa: linabeba uzito ukiwa umetulia, ila ukivuta spana kwa nguvu linajikunja kwenye maungio. Miguu minne imetanuka kwenda nje, na chini ya kila mguu kuna kipande cha bati nene chenye upana wa kiganja. Juu kuna bapa la sentimita 25 kwa 20, tumelifunga mpira wa tairi kuukuu kwa bolti ambazo vichwa vyake vimezamishwa ndani ya mpira visikwangue fremu. Bomba, ufundi na rangi, jumla nililipa shilingi 45,000. Kuipandisha pikipiki sihitaji watu wanne. Natanguliza ubao wa inchi mbili chini ya kila tairi, nasogeza stendi, kazi inayobaki ni kunyanyua sentimita mbili, mbele kwanza kisha nyuma, halafu natoa mbao.

Sasa Boxer yako, mwalimu. Ile stendi kubwa ndiyo zana yako, na mara nyingi inakuwa imechoka bila mwenyewe kujua. Mnawaona madereva wa bodaboda wanavyokaa kijiweni juu ya pikipiki ikiwa kwenye stendi kubwa, wengine wawili wawili, saa nzima. Miguu inapinda, pini inakula tundu lake, nyayo zinalika, mwisho tairi la nyuma linagusa ardhi na watu wanasema pikipiki imeshuka. Ishushe ya pembeni, uishike stendi kubwa kwa mkono uitikise kulia na kushoto. Ikicheza sana, pini na bushi zake zimekwisha. Fundi wa kuchomelea anaweza kunyoosha miguu na kuongeza nyayo kwa hela kidogo mno kuliko bei ya hiyo jeki uliyoiona. Badilisha na springi kama imelegea, maana stendi ikishuka ukiwa mwendoni itakutupa.

Stendi kubwa ikiwa nzima, sehemu kubwa ya kazi za nyumbani umeshazimaliza. Pancha ya nyuma, viatu vya breki, kuosha na kukaza cheni. Kwenye cheni ndipo utakapoona faida yake: zungusha tairi kwa mkono polepole huku unaibonyeza cheni kwa kidole, utakuta mahali imekaza zaidi kuliko kwingine. Rekebisha ukiwa umesimamia pale ilipokaza zaidi. Ukirekebisha pale ilipolegea, ikizunguka itavuta beringi na sproketi mpaka ziumie. Pikipiki ikiwa chini huwezi kulijua hilo.

Ukitaka kuinua mbele, ipandishe kwenye stendi kubwa, mtu akandamize keria, wewe utelezeshe kigogo cha mbao ngumu chini ya fremu mbele ya injini. Kigogo kimoja kilichokatwa kwa kipimo. Jeki ya mkasi ya gari achana nayo kabisa. Kichwa chake ni chembamba na kina mfereji wa kushikia ukingo wa gari, pikipiki inayumba juu yake kwa msukumo mdogo tu. Jeki ya mkasi ya pikipiki ina bapa pana lenye mpira na kitako kipana. Ni nzuri, lakini inataka sakafu ya saruji na fremu inayopita chini ya injini.

Stendi za nyuma zile zenye magurudumu mawili na mkono mrefu ni za pikipiki kubwa zisizo na stendi kubwa. Zinashika mkono unaobeba gurudumu la nyuma, ama kwa vikombe vya mpira au kwa ndoano zinazoingia kwenye vibobini, yaani vipande vidogo vya mviringo vilivyofungwa kwa bolti ubavuni mwake. Kabla ya kununua, angalia kama pikipiki yako ina matundu ya vibobini, na ni ya milimita 6, 8 au 10, yanatofautiana. Kwa stendi za aina hii, siku zote inua nyuma kwanza ndipo mbele. Na ile stendi ya mbele inayoshika chini ya shokapu haitakusaidia ukitaka kutoa hizo shokapu zenyewe au kufungua hedi. Kwa kutoa shokapu inatakiwa inayoshika kwenye hedi kwa chini; kwa kufungua hedi yenyewe, pikipiki ibebwe kwenye fremu.

Kuna jambo nataka tulisikilizane vizuri, ndugu zangu. Stendi imara haimsaidii mtu mwenye papara. Legeza nati ya ekseli pikipiki ikiwa bado imesimama kwenye matairi yake, kila mara, hata kama una haraka. Funga breki ya mbele kwa utepe wa tyubu kuukuu kwenye mkono wa usukani. Ukitoa gurudumu la nyuma, uzito unaegemea zaidi mbele, na ukitoa la mbele unaegemea zaidi nyuma, kwa hiyo fikiria itaangukia wapi kabla haijaanguka. Usiwashe injini ukatia gia ili cheni ijizungushe unapoisafisha. Kitambaa kinaingia kwenye sproketi, na kidole kinafuata. Na msiifunge pikipiki kwa kamba kwenye kenchi ya nyumba. Kenchi ile ilipigwa misumari kubeba bati, na watoto wenu wanalala chini yake.

Tuheshimu kazi ya mikono. Mtu anatoa mamilioni kununua pikipiki, inamlisha, inasomesha watoto, halafu kwenye kitu cha kuiegemezea anatafuta mawe. Wanaokucheka kwa kuchukua siku nzima kwenye kazi ambayo gereji wanaifanya kwa saa moja, waache wacheke. Ile saa moja niliilipia kwa tangi langu.

Kuhusu udongo: usiweke stendi moja kwa moja juu yake, hata kama ni mkavu na mgumu. Mguu mmoja ukizama kidogo tu, pikipiki yote inaegemea upande huo, na utagundua ukiwa na ekseli mkononi. Tafuta ubao mpana wa inchi mbili, urefu na upana wake uzidi nyayo za stendi pande zote, usawazishe udongo kwa jembe, uumwagie maji, uushindilie, ndipo ulaze ubao. Stendi kubwa ya Boxer nayo ipande juu ya ubao huohuo, ila mbele nako weka ubao wa unene uleule ili pikipiki isiinamie mbele. Nitumie kipimo cha kutoka ardhini hadi kwenye fremu mbele ya injini, tairi la mbele likiwa limeinuliwa, nikuchoree kile kigogo.